Mpaka Nati Ilie

Baba tulimzika Beni, asubuhi ya manyunyu, na wageni walipopungua nikapewa kazi ya kupanga vitu vyake. Dada zangu waliogopa kulia, wadogo zangu waliogopa vumbi. Mimi nilikuwa na hasira tu, zile hasira za kufiwa zisizo na mwenyewe, na hasira ni ufagio mzuri. Nilikuta kanzu mbili, koti la mvua, tasbihi iliyokatika ikaungwa kwa uzi wa kushonea magunia, na chini kabisa ya sanduku, kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha mpira. Nilipolifungua, harufu ilinifikia kabla ya kitu chenyewe: grisi ya zamani, kutu, na kwa mbali kidogo, kahawa. Ndani mlikuwa na nati moja. Kubwa, ya pembe sita, na pembe zenyewe zimelika.

Niliijua pale pale. Nilikuwa nimeishika nikiwa na miaka minane, asubuhi moja ya ukungu huko Butembo, na tangu siku hiyo sikuacha kujivunia kwamba niliishika. Ninaandika haya kwa wenzangu wa rika langu, ambao nao walikuwa wadogo nyakati zile na walielewa mambo nusu nusu kama mimi. Ninaandika pia kwa sababu kuna mtu ambaye jina lake linapaswa kusafishwa.

Tulikaa Butembo, upande wa Bulengera, katika nyumba ya matofali mabichi iliyozungukwa na mikaratusi. Baba alikuwa Mwislamu wa Beni, msafirishaji. Mama alitoka kwa wakulima Wakatoliki wa upande wa Lubero, akasilimu alipoolewa. Wajomba zangu walinuna mwaka mzima, kisha wakagundua kwamba shemeji yao, ingawa hali nguruwe wala haonji kasiksi, pombe ya ndizi, anacheka kuliko wao wote waliokunywa. Basi wakamsamehe. Mimi ni msichana wa nne, na kwa Wanande msichana wa nne ni Kahambu, hata angezaliwa ikulu. Msikitini nilipewa jina jingine, lakini baba akiwa amefurahi aliniita Kahambu.

Jambo moja la nyumba yetu lilijulikana mtaa mzima: baba na mama walikula sahani moja. Enzi hizo mwanamume alikula barazani na mke jikoni, na mwenye kufanya vingine alichekwa. Majirani walimwuliza baba kama mama amemlisha dawa. "Dawa ni sombe," alijibu, maana yake majani ya muhogo, na akaendelea kumega bugali upande wake huku mama akimega upande wa pili.

Gari lilikuwa kamionete nyeusi, nzee kuliko dada yangu mkubwa, lenye sanduku la mbao nyuma. Lilikuwa la mzungu mmoja wa kahawa, ambaye baba alimwendeshea. Uhuru ulipofika, sisi watoto tulipata biskuti na ngoma, naye mzungu akapata woga. Aliondoka bila hata kufunga madirisha, akamwachia baba ufunguo wa gari pamoja na mbwa. Mbwa alikufa. Gari lilikataa kufa, ila usukani wake, ambao kwetu tuliuita volan, ulilegea mwaka hadi mwaka. Meno ya chuma yaliyoushika yalikuwa yamelika, na ilibidi uuzungushe robo nzima kabla magurudumu hayajasikia. Baba alisema ni kama mzee kiziwi, lazima umwite mara mbili ndipo ageuke. Hivyo hivyo alikwenda nalo Kirumba kuchukua maharagi na kurudi, akimwita mzee wake kwenye kila kona.

Kazi ya spana nilijifunza kwake, kwa sababu mkono wangu uliingia mahali ambapo wake haukuingia. Alikuwa na sheria moja tu. Nati, ambayo yeye aliita ekru kama mafundi wote wa kwetu, hufungwa mpaka ilie. Unavuta spana, unavuta tena, na mwisho chuma hutoa kilio kidogo, kiii, kama mlango wa kanisa. "Ekru isipolia haijafungwa," aliniambia kila mara. "Na ekru haijafungwa, mutu anakufa." Nililala na maneno hayo kama watoto wengine wanavyolala na sala.

Kisha wakaja waasi. Sitaeleza walitoka wapi na walitaka nini. Wakubwa wenyewe walieleza kila mmoja kivyake. Ninachokumbuka ni soko lililonyamaza katikati ya mchana, na vijana wenye vipande vya ngozi ya mnyama kwenye vipaji vya nyuso wakipita mbio huku wakiita "Mai! Mai!", maana walinyunyiziwa maji ya dawa na waliamini risasi ikiwagusa itageuka kuwa maji. Walichukua magari yote ya mji. Letu lilibaki. Kila walipokuja, baba aliutikisa usukani mbele yao mpaka wao wenyewe wakaogopa, nao wakaenda zao. "Heri nusu shari," alimwambia mama, na kwa majuma kadhaa ugonjwa wa gari ulikuwa afya yetu.

Walianza kuwakamata makarani. Mjomba Kasereka, mdogo wake mama, aliandika majina ya watu kwenye vitabu vya bureau, ofisi ya serikali. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi, kwa mkaa, ukutani kwetu, na mama alipolalamika juu ya ukuta alimwambia ashukuru kwamba sijaanza hesabu. Walimkuta njiani akitoka misa, akiwa na kalamu mfukoni. Kalamu ilitosha. Walimfungia pamoja na wengine katika ghala la kahawa nyuma ya bureau, na kila mtu mjini alijua neno moja: akiwa ghalani, mtu yu hai bado, akipelekwa Beni, harudi.

Siku ya nne alikuja kwetu mkubwa wao, mtu mfupi mwenye koti la kijeshi na sauti ya chini. Sauti hiyo ya chini ndiyo iliyonitisha. Nyuma yake alisimama kijana mwenye ngozi usoni.

"Muzee," alisema mkubwa, "kamio yetu ilikufa. Kesho saa ine gari yako inaenda Beni. Bafungwa banakuwa bengi mule ndani."

"Shefu, volan iko inacheza," baba alisema. "Itatuua bote."

"Utaitengeneza. Huyu kijana alikuwaka motaboy, anajua mambo ya gari. Ataangalia mikono yako. Kesho njo yeye atashika volan."

Baba alitazama upande wa jikoni. "Na bafungwa gani banaenda, shefu?"

"Bakarani bote."

Jikoni mwiko ulianguka. Mkubwa hakugeuza hata kichwa. Alipoondoka, yule kijana alibaki, akaketi juu ya jiwe kando ya gari, bunduki mapajani.

Adhuhuri mama alipika, na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa na bunduki, alimpelekea sahani. Kijana aliruka kama aliyeona nyoka.

"Mama, hapana karibia! Dawa yangu itakufa! Kitu mwanamuke alishika, miye sigusi."

"Hata chakula?" mama aliuliza.

"Hata kijiti. Nikigusa, risasi itaniingia. Njo sheria."

Alikula mahindi aliyochoma mwenyewe. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaitazama mikono yangu, mbele na nyuma, nikitafuta ule uchafu unaoua dawa. Niliinawa kwa majivu mara tatu. Niliporudi, baba alikuwa ameegemea mlango wa gari akimtazama yule kijana kwa jicho ambalo nililijua. Ndilo jicho alilolitumia akisikiliza injini, akitafuta ni wapi inapogonga.

Alasiri hiyo alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona mwanamume wa mtaa wetu akilifanya. Alichukua ndoo, akaenda na mama kuchota maji. Kijana alicheka mpaka akapaliwa. "Muzee anachota maji!" Walikawia. Waliporudi, ndoo ilikuwa nusu, na macho ya mama yalikuwa mekundu. Nilidhani wamegombana. Niliwaombea wapatane.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja, mikaratusi haionekani. Baba alikibandua kifuniko cheusi cha honi, akaifungua nati iliyokuwa chini yake, akautoa usukani, akaniwekea nati hiyo mkononi, akaniambia niitunze nisiiangushe. Alikata ukanda wa bati kutoka kwenye kopo la maziwa, akaukunja pole pole kuzunguka yale meno yaliyolika, akapaka grisi, kisha akausukuma usukani juu yake kwa uzito wa kifua chake chote. Ulikaa. Kijana aliingia, akauzungusha kulia na kushoto. Haukucheza.

"Iko muzuri kabisa," alisema, akashuka. "Sasa lete ekru. Nitaifunga miye mwenyewe, shefu alisema."

"Kahambu!" baba aliita. "Ekru!"

Nilikimbia nayo. Kijana alinyosha mkono akitaka niitupe chini mbele yake. Lakini baba alinibeba kwapani, akaniketisha kwenye kiti cha dereva, na mikono yangu yote miwili ikaushika usukani nisianguke. Kisha akauchukua mkono wangu wenye nati, akaupeleka kwenye ncha ya chuma katikati ya usukani, na akaniambia sikioni kwa Kinande, lugha ya mama, ambayo yule kijana hakuijua: "Vidole tu. Mara tatu. Usiongeze hata moja."

Kijana alikuwa ameanza kupiga kelele. "Muzee! Mutoto mwanamuke anashika volan! Juu ya nini?"

"Aa! Nisamehe, kijana. Uzee huu. Nilisahau."

Baba alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Na hakuwa akisahau. Aliweza kukwambia msumari fulani aliununua kwa nani. Nilishangaa, lakini nilizungusha nati kwa vidole, moja, mbili, tatu, na nikaacha.

Mkubwa alipofika na kuelezwa, alimpiga baba kofi, kofia yake ikaanguka topeni. Sikuwahi kuona mtu akimpiga baba. "Basi utaendesha weye," alisema kwa ile sauti yake. "Na ukitingisha kichwa tu, nitakupiga risasi kwanza kabla yao." Akaamuru baba aende naye bureau kusaidia kubeba pipa la petroli. Kijana alisogea mbali na gari, hatua kumi au zaidi, akageuza mgongo na kuanza kujinyunyizia maji ya kichupa chake, akinong'ona, akijisafisha uchafu wangu.

Nilibaki peke yangu ndani ya gari. Spana ilikuwa juu ya kiti.

Wenzangu, jaribuni kuiona akili ya mtoto yule. Niliamini ni mkono wangu uliomtia baba kwenye safari hii. Ungekuwa msafi, kijana angeendesha, na baba angebaki nyumbani akila na mama. Kwa ajili yangu alipigwa kofi, na kwa ajili yangu atakwenda Beni, mahali pasiporudi watu. Na zaidi ya hapo, nati haikulia. Baba aliyenifundisha kwamba nati isiyolia inaua watu, leo ameniambia vidole tu. Nilipata jibu moja: woga umemsahaulisha. Hakuwahi kukunja bati pole pole vile. Basi nani atakumbuka badala yake, kama si mimi?

Nilipiga magoti juu ya kiti. Nikaiweka spana, nikasema bismillahi kama alivyosema yeye, nikavuta. Ilizunguka kwa urahisi mara kadhaa, kisha ikawa nzito. Nikasimama, nikauegemeza mguu kwenye mlango, nikavuta kwa mikono miwili mpaka nikaona nyota. Nati ikalia. Kiii. Nikavuta tena ili niwe na hakika, ikalia tena. Nikarudisha kile kifuniko cheusi cha honi juu yake, spana nikairudisha mahali pake, na nikashuka nikiwa na furaha kifuani kama mtu aliyeficha zawadi.

Baba alirudi, akaketi, akaugusa usukani. Aliinama karibu nami kana kwamba ananiaga.

"Mara tatu?" aliniuliza kwa Kinande.

"Tatu, baba."

Ulikuwa uongo mdogo. Nilikusudia kumwambia ukweli akirudi, ili anisifu.

Wakaleta wafungwa, saba, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Mjomba Kasereka alikuwa wa mwisho kupanda. Ndevu zilikuwa zimemwota na miwani hana, akawa kama mtu mwingine anayemwiga. Aliponiona alijaribu kutabasamu. "Kahambu, umwambie mama yako sombe aliyoniletea jana ilikosa chumvi." Mama alikuwa pale pale mlangoni, anasikia. Aliuma upindo wa kitenge chake.

"Shemeki," baba alimwita kutoka dirishani, kwa sauti ya kawaida ya madereva, "tukifika Kabasha ushike gari muzuri. Ile milima ni mibaya."

Mjomba alimtazama. "Nimesikia, shemeki," alisema.

Gari liliingia kwenye ukungu. Mkubwa alikaa mbele karibu na baba, yule kijana nyuma na mwenzake, na tukaendelea kuisikia injini muda mrefu baada ya kutoliona tena. Mama alibaki amesimama pale pale. Midomo yake ilikuwa ikienda, nami nilidhani anasali. Sasa najua alikuwa akihesabu vilima.

Siku tatu hatukuwasha moto mkubwa. Mama alikuwa akitoka kila mara kutazama njia, na si njia kubwa ya gari, bali kile kijia cha mashambani nyuma ya nyumba. Sikuelewa kwa nini anamtazamia mtu kutoka porini. Siku ya tatu alasiri baba alitokea kwenye njia kubwa, kwa miguu, peke yake. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa kwa vipande vya kanzu, na vitambaa vilikuwa vyeusi kwa damu iliyokauka.

Mama alimtazama nyuma ya bega, akitafuta mtu wa pili. Hakuwapo.

"Mama Fatuma," baba alisema, "ilikatala."

"Ilikatala namna gani?"

"Niliikaza sana. Ni miye. Woga ilinishika."

Mama hakupiga ukunga. Aligeuka, akaingia jikoni, na mlango wa jikoni, ambao haukuwahi kufungwa mchana, ukafungwa. Mimi sikujua wanazungumza juu ya nini. Niliona vidole tu, na nikajua, kwa ujuzi wangu wa miaka minane, kwamba wale watu wabaya wamemtesa. Nilianza kulia. Baba alichutama mbele yangu, akaweka ule mkono wenye vitambaa juu ya kichwa changu. Alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na macho ya mtu aliyefikiri jambo kwa miguu, kilima baada ya kilima, na sasa amekata shauri.

"Kahambu," alisema, "kazi yako ilikuwa muzuri. Volan haikucheza hata kidogo, toka hapa mpaka Beni."

Maneno hayo niliishi nayo. Nilipofeli shule niliyakumbuka. Nilipoolewa, nilipoachwa, nilipofungua duka langu mwenyewe, nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyemfikisha baba salama na kumrudisha. Niliwasimulia wanangu. Mara moja, kwenye sikukuu, nilisimulia mbele yake, nikaigiza hata kilio cha nati, na watu wakacheka. Baba naye alicheka. Kisha akasema anakwenda kutawadha, ingawa adhana ilikuwa bado.

Mjomba hatukumwona tena, wala kaburi lake. Waasi walipofukuzwa, tulihamia Beni, mtaa wa Beu, na baba akauza maharagi. Hakuendesha gari tena hadi kufa kwake. Wajomba waliobaki hawakukanyaga kwetu, na nikaambiwa ni njia mbaya. Na nyumbani kukawa na sahani mbili. Mama alimpikia, alimfulia, alimwuguza, hakuwahi kumtupia neno baya. Lakini alimwekea chakula chake mezani na kwenda kula chake jikoni. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya vidonda. Baadaye nilidhani ni uzee. Watoto hupata maelezo ya kila kitu, na mimi nilibaki mtoto katika jambo hilo mpaka mvi zikaniota.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nilipotoka chumbani na lile kopo. Mama alikuwa ndani, yuko edani, amevaa nyeupe, anachambua maharagi kwenye ungo. Nilimwonyesha nati nikitabasamu, nikidhani nitamfurahisha.

Aliitazama, akarudi kwenye maharagi. "Sijui juu ya nini alichunga hii chuma," alisema. "Vita ilipoisha alienda kutafuta ile gari balimunyanganya Beni, alikuta ilishaharibika kando ya njia. Alirudi na hii tu. Nilimwambia aitupe."

"Mama, hii njo ilimurudisha baba."

"Hii?" Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Hii njo ilimuua mudogo yangu."

Na ndipo aliponieleza, bila kuninyanyulia macho, yale ambayo baba alimwambia siku ile ya kuchota maji. Nati ingeshikwa kwa mizunguko mitatu tu. Lile bati la kopo lingeufanya usukani ukae imara na mtu asijue. Pale Kabasha, ambapo gari hupanda kwa kujikokota na pori liko karibu, baba angeingiza vidole chini ya kifuniko cha honi, aifungue nati, na auchomoe usukani. Angemwonyesha mkubwa: angalia, shefu, imetoka. Gari lingesimama, wenye bunduki wangeshuka kusukuma, na wale saba, ambao miguu yao haikufungwa, wangeingia porini. Baba mwenyewe alikuwa tayari kwa kitakachompata. Ndiyo maana alimtumia mtoto wa kike, ili mkono wa mpiganaji yeyote usiiguse tena nati ile wala usukani ule.

"Lakini alisema mukono yake ilikuwa na woga," mama alisema. "Aliikaza bila kujijua. Alijaribu na vidole kilima yote ya Kabasha, mpaka kucha zikatoka, na ekru ikakatala. Kasereka alikuwa nyuma, anangojea. Ndugu zangu balisema nimeolewa na mwoga. Na miye, Kahambu, nilisema ni kweli."

Nilihisi nyumba inainama. Nilikumbuka mguu wangu kwenye mlango wa gari. Nilikumbuka kiii ya kwanza, na ile ya pili, niliyoongeza ili niwe na hakika. Nilikumbuka mkono wenye vitambaa kichwani mwangu, na nikaelewa ni shauri gani alilokata alipokuwa akitembea kutoka Beni: kwamba mmoja wetu lazima abebe jambo hili, na kwamba hatakuwa mimi. Alijua. Alijua pia kwamba nilimdanganya. Akanisifu.

Nilitaka kunyamaza. Nasema wazi, nilitaka. Mama alikuwa mzee, mfiwa, na aliyekufa hadai kitu. Lakini nati ilikuwa mkononi mwangu, nzito, na nilikuwa nimechoka kusifiwa.

"Mama," nilisema, "hakukaza baba. Nilikaza miye. Aliniambia mara tatu na vidole. Alipoenda na shefu, nilichukua spana. Nilifikiri amesahau."

Hakuelewa mara moja. Alinitazama usoni, kisha mikononi, kana kwamba mikono hii ya bibi ingeweza kumwonyesha ile ya zamani.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Munane."

"Ulikaza mara ngapi?"

"Sijui, mama. Mpaka ikalia."

Aliuweka ungo chini. Nilingoja anitukane, anilaani, alie kwa ajili ya mdogo wake. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Aliichukua nati kutoka kwangu, akaifunga ndani ya kiganja chake, na akatazama ile meza ndogo ya upande wa dirisha ambapo siku zote aliweka sahani ya baba.

"Nilimuachaka anakula peke yake," alisema. "Miaka yote ile, Kahambu. Peke yake."